Anayetoza kiingilio maporomokoni abebe dhamana ya uhai

Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa na maji wakafa katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate. Septemba 2019, korongo hilohilo liliua watu wengine saba, mwongozaji wa eneo akiwa miongoni mwao. Mara zote mbili maji yalitokana na mvua iliyonyesha upande wa juu, mahali ambapo waliokuwa chini hawakuweza kupaona. Mara zote mbili waliokufa walikuwa ndani ya eneo la serikali linalotoza kiingilio. Chochote kilichowekwa kama tahadhari katika miaka saba iliyotenganisha mikasa hiyo hakikuwafikia wale waliohitaji kuonywa siku ile.

Hell's Gate angalau ina mwenyewe. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) linajulikana, linaweza kuulizwa, na baada ya mkasa wa 2019 lilifunga korongo. Hali ni mbaya zaidi katika sehemu nyingi za maporomoko ya maji ambako Wakenya humiminika kila Pasaka, kila Krismasi na kila wikendi ndefu. Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, Chania mjini Thika, Thomson's Falls huko Nyahururu, na maporomoko mengine mengi yasiyo na majina makubwa katika miteremko ya Nyandarua, Mlima Kenya na kingo za Bonde la Ufa, yote yana wageni. Mengi yana mtu wa kupokea pesa mlangoni. Ni machache yenye mtu mwenye mamlaka ya kusema: leo mto umejaa, hakuna anayeshuka.

Hilo ndilo kosa linalopaswa kuhukumiwa. Mto hauna hatia, na uzuri wa maporomoko si mtego. Kosa ni kufungua mahali pa hatari kwa umma, kukusanya ada, kisha kumwachia mgeni peke yake kazi ya kupima hatari ambayo hana ujuzi wala nafasi ya kuipima.

Kila mtu anapokufa maji, maelezo huja upesi na hufanana. Alikuwa amekunywa. Alisogea ukingoni kupiga picha. Aliambiwa asiogelee akakaidi. Baadhi ya maelezo hayo ni ya kweli, na mtu mzima anayeruka majini akiwa mlevi hawezi kuepa sehemu yake ya lawama. Lakini maelezo hayo hutumika kufunga jalada kabla halijafunguliwa. Hakuna anayeuliza kama palikuwa na kizuizi ukingoni, kama palikuwa na mlinzi, kama kamba ya kuokolea ilikuwepo, au kama kuna aliyejua kuwa mvua kubwa ilinyesha milimani usiku uliotangulia. Marehemu hawezi kujitetea, na wanaomlaumu mara nyingi ndio wale waliochukua pesa yake saa moja kabla.

Sheria haiwaruhusu kufanya hivyo. Sheria ya Dhima ya Wamiliki wa Maeneo, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inamtaka anayemiliki au kusimamia mahali kuchukua uangalifu unaofaa ili mgeni aliyekaribishwa awe salama kwa shughuli aliyokaribishwa kuifanya. Inamtaka pia atarajie kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji wa huduma haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa anapopata hasara au jeraha kutokana na kasoro za huduma. Ibara hiyo haitofautishi kati ya taasisi ya umma na mtu binafsi. Kaunti inayokata tiketi imefungwa na wajibu huo sawa na mwenye hoteli.

Kuna wanaodhani kwamba kibao chenye maneno "Unaingia kwa hiari na hatari yako mwenyewe" kinamaliza kesi. Hakimalizi. Chini ya Sura ya 34, onyo humwondolea msimamizi lawama pale tu likiwa la kutosha kumwezesha mgeni kuwa salama. Kibao kilichopauka, kisichosema hatari iko wapi, lini inatokea na mgeni afanye nini, kinamlinda aliyekiandika na kumwacha aliyekisoma kama alivyokuwa. Onyo la maana lingesema kuwa chini ya pazia hili la maji pana mkondo unaorudi nyuma, kwamba mwamba wa kushoto unateleza hata wakati wa kiangazi, na kwamba maji yakibadilika rangi kila mtu apande juu mara moja.

Maonyo ya namna hiyo yanawezekana kwa sababu njia ambazo maporomoko huua zinajulikana. Maji yanayoanguka kutoka juu huchanganyika na hewa na kugeuka povu. Povu halibebi mwili wa mtu kama yanavyoubeba maji matulivu, kwa hiyo hata mwogeleaji hodari huzama zaidi ya alivyozoea. Yakifika chini, maji hayo hujipinda na sehemu yake hurudi kwenye ukuta wa mwamba, yakimvuta mtu tena na tena chini ya pazia alilotaka kutoka. Anayepambana kuelekea juu huchoka kabla hajafika. Kidimbwi kinachoonekana kitulivu umbali wa hatua chache kutoka ukingoni kinaweza kuwa na nguvu hiyo chini yake bila dalili yoyote juu.

Mito inayotoka Nyandarua na Mlima Kenya ina baridi kali pia. Mtu aliyetembea juani kisha akajitosa ghafla hushtuka na kuvuta pumzi bila kutaka, na pumzi hiyo ikivutwa kichwa kikiwa chini huingiza maji mapafuni. Ndiyo maana baadhi ya wanaozama hawaonekani kupambana wala hawasikiki wakipiga kelele. Wenzao huendelea kupiga picha.

Kuruka kutoka juu ya mwamba kuna hesabu yake. Anayejirusha kutoka urefu wa mita 10 hugonga maji kwa kasi ya takriban kilomita 50 kwa saa. Iwapo mafuriko ya mwezi uliopita yalileta gogo au jiwe mahali ambapo mwaka jana palikuwa na kina, hataliona. Mito husogeza mawe kila msimu, na mazoea ya vijana wa eneo, hata yawe ya miaka kumi, hayathibitishi kina cha leo. Na kabla ya kufika kwenye maji kuna mwamba wenyewe. Manyunyu huulowesha mchana na usiku na kuufunika kwa utandu wa kijani unaoteleza, ukingo hauna kitu cha kushika, na simu iliyoinuliwa kwa ajili ya picha humfanya mtu arudi nyuma bila kutazama anapokanyaga.

Mafuriko ya ghafla ndiyo huua wengi kwa mara moja. Bonde lenye miteremko mikali hukusanya mvua ya eneo kubwa na kuimimina katika njia moja nyembamba. Anga ya chini inaweza kuwa nyeupe kabisa. Sentimita 15 tu za maji yaendayo kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, na katika korongo kina huongezeka kupita hapo kabla watu hawajakusanya viatu vyao. Dalili zipo: maji safi yanageuka rangi ya udongo, majani na vijiti vinaanza kupita, ngurumo ya mto inazidi. Lakini dalili hizo hutoa nafasi ya dakika chache, na dakika hizo zina faida kwa yule tu anayezitambua na anayejua njia ya kupanda. Mkasa wa 2019 ulitokea Septemba, nje ya misimu miwili ya mvua inayofundishwa shuleni. Anayetegemea kalenda kumlinda hana ulinzi.

Fourteen Falls panastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa pamekuwa na vifo vya kutosha kumwondolea kila ofisa kisingizio cha kutojua. Maporomoko hayo hayana urefu wa kutisha. Yamesambaa kwa upana, maji yakigawanyika katika mikondo kadhaa, na wakati wa kiangazi mtu huona mawe ya kukanyaga kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Ufupi huo humpa mgeni ujasiri ambao mto hauustahili. Vijana hujirusha kutoka juu mbele ya watazamaji ili walipwe, na wageni huiga. Mashua huvusha watu karibu na mikondo. Maji yenyewe ni ya Mto Athi baada ya kupokea Mto Nairobi, pamoja na majitaka ya jiji, na yana rangi inayomficha aliyezama pamoja na jiwe lililomgonga. Anapozama mtu, wanaoitwa kwanza ni wapiga mbizi wa kijiji, ambao hushuka bila vifaa vya maana. Kazi yao huwa ni kutafuta maiti.

Nani anawajibika hapo? Ratiba ya Nne ya Katiba inaipa kaunti utalii wa ndani, bustani na sehemu za burudani za kaunti, huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga. Sera ya utalii inabaki kwa Serikali Kuu. Mto uko chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Msitu unaouzunguka unaweza kuwa wa Shirika la Huduma za Misitu, mbuga ya KWS, ukingo mmoja wa hoteli na ukingo wa pili shamba la mtu. Mgawanyo huu una sababu zake za kiutawala. Hauna sababu ya kuwa maficho. Mamlaka tano zinapotajwa na hakuna hata moja iliyompa mtu funguo za lango, ni sawa na kutokuwepo mamlaka yoyote.

Jawabu ni rahisi na linapaswa kuandikwa katika sheria za kaunti: anayepokea kiingilio ndiye msimamizi wa usalama, hadi pale atakapoonyesha hati inayompa mwingine kazi hiyo. Iwe kaunti, kikundi cha jamii, hoteli au mwenye shamba, anayechukua pesa abebe wajibu. Asiyeweza kuubeba asifungue.

Wengine wameshafanya hivyo, tena wasio na hazina kubwa. Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika korongo la Antelope, jimbo la Arizona nchini Marekani, kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali na hapo. Ardhi ile ni ya Wanavajo, na wao ndio waliobadilisha utaratibu. Leo hakuna anayeingia bila mwongozaji mwenye leseni, ngazi za chuma zimefungwa kwenye mwamba, na taarifa za hali ya hewa hufuatiliwa kwa redio. Korongo halikupoteza wageni. Huko Livingstone, Zambia, kidimbwi kilicho kwenye ukingo wa Mosi-oa-Tunya, maporomoko yenye kimo cha zaidi ya mita 100, hufunguliwa wakati wa maji machache pekee na huingiwa pamoja na waongozaji. Mto Zambezi ukijaa, pesa za watalii hukataliwa. Jirani zetu Watanzania hawamruhusu mgeni kupanda kwenda maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Milima ya Udzungwa bila mwongozaji.

Palipokosekana uangalifu, mahakama zimeonyesha njia. Julai 1999, watu 21 walikufa katika kijito cha Saxetbach nchini Uswisi, walipopelekwa korongoni huku dhoruba ikikaribia. Mwaka 2001 watu sita wa kampuni iliyowapeleka walitiwa hatiani kwa kusababisha vifo kwa uzembe. Mahakama haikuridhika kwamba mvua ni kazi ya Mungu. Iliuliza nani alikuwa na taarifa, nani alikuwa na uwezo wa kusitisha safari, na kwa nini hakuusitisha msafara. Nchini Ghana, mti mkubwa ulipoangushwa na dhoruba juu ya waogaji katika maporomoko ya Kintampo mwezi Machi 2017 na kuua watu wasiopungua 18, wengi wao wanafunzi, sehemu hiyo ilifungwa. Mkasa ule ulikumbusha jambo linalosahauliwa hata na waangalifu: hatari ya maporomoko haiko majini pekee. Miti mizee na mawe yaliyolegea juu ya vichwa vya watu yanahitaji kukaguliwa.

Hapa kwetu, vifo vya maporomokoni huishia kwenye daftari la kituo cha polisi. Uchunguzi wa hadharani wa chanzo cha kifo, ambao sheria inauruhusu, ni nadra. Kwa kuwa hakuna uchunguzi, hakuna matokeo. Kwa kuwa hakuna matokeo, hakuna anayejifunza. Na mahali palipoua Januari panapokea basi la wanafunzi Aprili. Hata idadi ya waliokufa katika kila sehemu haitangazwi langoni wala kwenye tovuti za kaunti, ilhali idadi ya wageni na mapato hutajwa kwenye hotuba. Mzazi anayetia saini ruhusa ya safari ya shule ana haki ya kujua ni wangapi hawakurudi kutoka mahali anapompeleka mwanawe.

Kisingizio cha fedha hakina uzito. Kinachotakiwa kwanza ni mtu mmoja aliyefunzwa, akiwa upande wa juu wa mto na redio mkononi, na mwingine langoni anayemsikiliza. Ni alama za rangi zilizopakwa kwenye mwamba kuonyesha kina ambacho kikifikiwa, kuogelea kunakoma, na kina ambacho kikifikiwa, lango linafungwa. Ni kamba za kurusha, maboya, machela na king'ora. Ni vizuizi vya chuma ukingoni na njia ya kupanda iliyo wazi. Ni simu ya kila asubuhi kwa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kuulizia mvua ya milimani, kwa sababu utabiri wa mahali maporomoko yalipo hautoshi. Hakuna kati ya vitu hivi kinachohitaji mkopo wa kimataifa. Kiingilio cha msimu mmoja wa Krismasi katika sehemu yenye wageni wengi kielekezwe huko kabla ya kwenda kwenye mfuko mkuu wa kaunti.

Hoja ya ajira ni nzito zaidi na inastahili kujibiwa kwa heshima. Vijana wanaovusha watu, wanaoongoza wageni na wanaojirusha kwa malipo hawana kazi nyingine, na kufunga sehemu hizi kutawaumiza kwanza. Lakini hao ndio wanaoujua mto kuliko ofisa yeyote, na ndio wanaotumwa kutoa maiti bila mshahara wala bima. Wafunzwe uokoaji na huduma ya kwanza, wapewe leseni, walipwe kutokana na kiingilio, na waondolewe kwenye kazi ya kujirusha kwa ajili ya watazamaji. Mwongozaji asiye na redio wala mamlaka ya kughairi safari anawekwa hatarini pamoja na wageni wake. Mmoja wao alikufa Hell's Gate.

Wanaopanga safari hawako nje ya hukumu hii. Shule, makanisa, vyama vya akina mama na vijana wanaouza safari za siku moja mitandaoni hukusanya watu 40 kwenye basi bila kujua hata mmoja wao kama anaogelea. Mratibu anayepokea pesa za watu amebeba dhamana sawa na ya mwenye lango. Aulize kabla ya kuondoka kama sehemu ina mlinzi na kamba, apate utabiri wa mvua ya chanzo cha mto, akataze pombe hadi watu watakapotoka kwenye maji, na awe tayari kugeuza basi. Mgeni naye akifika mahali ambapo hakuna anayeweza kumwambia mto ulikuwa na kina gani asubuhi, atazame kutoka mbali na abaki na nguo zake kavu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na Afrika ndilo eneo lenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo kwa idadi ya watu. Wengi hawafi katika sehemu za burudani. Wanafia mitoni, visimani na ziwani wakitafuta maji, samaki au njia ya kuvuka, na kuwaokoa kunahitaji madaraja, mabomba na miaka mingi ya kazi. Vifo vya maporomokoni viko katika fungu tofauti kabisa. Vinatokea mahali panapojulikana, saa zinazojulikana, nyuma ya lango lenye mtu anayekata tiketi. Hakuna vifo vya maji vilivyo rahisi zaidi kuzuia, na hakuna vilivyo vigumu zaidi kuvitetea.

Kila gavana mwenye maporomoko yanayotembelewa katika kaunti yake atangaze jina la ofisa anayesimamia usalama wa kila mojawapo, na jina hilo liandikwe langoni pamoja na namba ya simu. KWS ieleze hadharani ni tahadhari zipi zinazofanya kazi leo upande wa juu wa Ol Njorowa, nani anazikagua na lini zilijaribiwa mara ya mwisho. Mabunge ya kaunti yapitishe sheria za kufunga sehemu za maji kulingana na kina, na yakatae makadirio ya mapato ya utalii yasiyoambatana na fungu la uokoaji. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aagize uchunguzi wa kila kifo kitakachotokea ndani ya eneo linalotoza ada, na kama uzembe utathibitika, waliokuwa na uwezo wa kufunga lango wafikishwe mahakamani kwa majina yao. Sehemu ambazo hazitakuwa na msimamizi, mlinzi na kamba kufikia likizo ya Desemba zifungwe, na anayeendelea kukata tiketi kwenye lango lililofungwa ashtakiwe.